Madeni na kazi za kuaminiwa: mkopo wa simu unaweza kukunyima ajira?

Msimu wa mavuno, ukikaa kwenye mashine za kukoboa mpunga hapa Kagongwa, utasikia habari za madeni karibu sawa na habari za bei ya gunia. Huyu anadaiwa pembejeo. Yule alichukua fedha kwa mnunuzi akaahidi mpunga ambao bado uko majarubani. Kijana mwingine alikopa elfu thelathini kwenye simu, akashindwa kurejesha, akabadilisha laini. Maisha yanaendelea, na wengi wanaona madeni hayo ni sehemu ya kutafuta.

Mambo hubadilika mtu anapoomba kazi ya kuaminiwa. Kazi ya aina hiyo inaweza kuwa ulinzi wa mgodi, upolisi, kuhesabu fedha benki, kutunza majalada ya siri kwenye halmashauri, au uhasibu wa AMCOS ya tumbaku au pamba. Hapo ndipo maswali huanza: Je, wataangalia madeni yangu? Ule mkopo wa simu utanifuata? Nikisema ukweli, nitaachwa?

Jibu fupi ni kwamba deni peke yake si kosa, na hapa Tanzania hakuna sheria inayosema mwenye deni asiajiriwe. Lakini deni lina uzito kwenye kazi fulani, na uzito huo hutegemea zaidi namna unavyolibeba deni kuliko kiasi unachodaiwa. Makala hii inaeleza kwa nini, sheria zetu zinasemaje, majirani zetu Kenya walipitia nini, na nini cha kufanya kabla hujajaza fomu ya kazi.

Upekuzi ni nini?

Kabla mtu hajakabidhiwa siri, silaha au fedha nyingi, anayemkabidhi hutaka kujua ni mtu wa namna gani. Kazi hiyo ya kuchunguza historia ya mtu huitwa upekuzi. Anayepita kwenye upekuzi huhesabiwa kuwa anaweza kuaminiwa kwa kiwango fulani cha siri au mamlaka. Katika nchi nyingine mtu huyo hupewa kibali rasmi cha usalama, na bila kibali hicho hafungui jalada hata kama ana shahada tatu.

Hapa kwetu upekuzi una ngazi. Kwa nafasi nyeti serikalini, vyombo vya usalama huhusika. Kwa askari mpya, jeshi linaloajiri hukagua vyeti, uraia, alama za vidole na tabia. Kwa mlinzi wa kampuni binafsi, mara nyingi huombwa wadhamini, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na uthibitisho wa polisi kwamba hana rekodi ya uhalifu.

Tusisahau upekuzi wa mtaani. Mwajiri akimpigia simu mwenyekiti wa kijiji kuuliza habari zako, mwenyekiti hana mashine ya kusoma akaunti yako ya benki. Atasema anachokijua, na madeni ndiyo mambo yanayojulikana haraka kijijini. Deni la benki linaweza kufichika miaka mitano. Deni la muuza duka linajulikana hadi kisimani.

Kwa nini deni linatazamwa

Hoja ya walinzi wa siri ni rahisi. Mtu aliyebanwa na deni anatafuta fedha, na anayetafuta fedha kwa haraka anaweza kushawishiwa. Tena anayekudai ana nguvu juu yako. Akijua unakolinda au unachokishika, siku moja anaweza kuomba kitu kingine badala ya fedha yake.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Aldrich Ames, afisa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka 1985, akiwa amebanwa na gharama za talaka na madeni, aliwaendea maafisa wa Umoja wa Kisovyeti mjini Washington na kuwauzia majina ya watu waliokuwa wakiifanyia kazi Marekani kwa siri. Kadhaa kati ya watu hao waliuawa. Malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 50,000, na baadaye yakafika mamilioni. Alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu na kuendesha gari la kifahari aina ya Jaguar, wakati mshahara wake ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na maisha hayo. Alikamatwa Februari 1994 na kufungwa maisha.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, shida ya fedha ilifungua mlango. La pili, husahaulika: kwa miaka mingi aliyekuwa akiiba siri hakuwa na dalili za umaskini tena, alikuwa na utajiri usioelezeka. Kwa hiyo mpekuzi makini hatafuti maskini. Anatafuta hesabu zisizolingana, iwe ni deni kubwa kuliko kipato au mali kubwa kuliko kipato.

Lilete jambo hili huku kwetu, kwenye ukanda wa dhahabu kutoka Kakola na Bulyanhulu hadi Geita. Mlinzi wa geti, dereva wa gari la mawe, mpimaji wa maabara na mfanyakazi wa chumba cha kuyeyushia dhahabu, kila mmoja anapita karibu na mali ambayo kipande chake kidogo kinazidi mshahara wake wa miezi. Mwajiri anayeuliza kama unadaiwa anauliza kwa sababu hiyo. Swali lina mantiki. Tatizo huja kwenye namna jibu linavyotumika.

Wenzetu wanapimaje?

Marekani ni mfano mzuri kwa sababu masharti yake yameandikwa na kutangazwa. Mwongozo unaotumika tangu Juni 2017 una vipengele 13 vya kumpima mtu, na kimoja kinahusu mambo ya fedha. Fomu ya maombi inauliza, pamoja na mengine, kama katika miaka saba iliyopita uliwahi kuchelewesha deni kwa zaidi ya siku 120, kama uliwahi kufilisika, na kama una kodi usiyolipa.

Lakini mwongozo huohuo unaeleza mambo yanayompunguzia mtu uzito wa deni lake. Kama deni lilitokana na jambo lililo nje ya uwezo wake, kwa mfano kupoteza kazi, ugonjwa, kifo au talaka, na yeye akachukua hatua za kueleweka, hilo linahesabika upande wake. Kama amekubaliana na wanaomdai na analipa kidogo kidogo kwa utaratibu, hilo pia linahesabika. Na kama anapinga deni kwa ushahidi kwamba si lake, anasikilizwa. Anayenyimwa kibali huelezwa sababu na ana nafasi ya kujibu.

Kinachomwangusha mtu zaidi ni kuficha. Deni lililotajwa kwenye fomu linabaki kuwa deni. Deni lililofichwa linageuka kuwa uongo, na uongo una kipengele chake cha peke yake.

India nayo ina kanuni za mwenendo wa watumishi wa umma za mwaka 1964 zinazomtaka mtumishi aendeshe mambo yake ya fedha bila kuzama kwenye madeni ya kila siku, na akifunguliwa shauri la deni aitaarifu serikali. Msingi ni uleule: mwajiri asikie kwako kabla hajasikia kwa anayekudai.

Sheria zetu zinasemaje?

Tuanze na juu. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi. Kiongozi hakutakiwa kuwa na hisa kwenye makampuni, nyumba za kupangisha, wala mishahara miwili. Masharti hayo yalitazama utajiri. Yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka huo. Sheria hii inamtaka kiongozi atoe tamko la rasilimali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Anatoa ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Tamko linagusa pia mali za mume au mke na za watoto wadogo.

Sheria hii haiishii kwa mawaziri na wabunge. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na madiwani wamo pia. Kwa hiyo diwani wa kata yako anajaza tamko hilo kila mwaka kabla Desemba 31 haijapita. Sheria haimfukuzi kwa kuwa na deni. Inamtaka alitaje. Asipotoa tamko au akitoa la uongo, hapo ndipo amevunja maadili.

Upande wa pili wa shilingi uko kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu cha 27 kinahusu mtumishi wa umma mwenye mali isiyolingana na kipato chake halali na ambayo hawezi kuieleza. Ndiyo hesabu isiyolingana tuliyoitaja kwa Ames.

Kwa vijana wanaoomba upolisi, magereza, uhamiaji au zimamoto, matangazo ya ajira kwa kawaida hutaja uraia, umri, elimu, afya, tabia njema, kutokuwa na rekodi ya uhalifu, na mara nyingi kutooa au kuolewa na kutokuwa na michoro mwilini. Deni la kawaida halimo kwenye orodha hizo. Ila maneno "tabia njema" ni mapana, na huku mtaani mtu anayekwepa madeni anaweza kutajwa hapo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nao si kizuizi cha kuajiriwa. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 baada ya kumwajiri mhitimu, na makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kanuni ya theluthi moja, na deni lisiloonekana

Mtumishi wa umma anajua kanuni hii: makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, ili abaki angalau na theluthi moja ya kuishi. Tufanye hesabu ya mfano. Mtumishi ana mshahara wa msingi wa Sh 600,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5 ni Sh 30,000. Bima ya afya asilimia 3 ni Sh 18,000. Kodi ya mapato ni kama Sh 30,000. Bodi ya Mikopo ni Sh 90,000. Jumla ya makato hayo ni Sh 168,000. Anatakiwa abaki na si chini ya Sh 200,000. Kwa hiyo benki inaweza kumkata hadi Sh 232,000 kwa mwezi, isizidi hapo.

Kanuni hii ni nzuri, kwa sababu inamlinda mtumishi asifanye kazi mwezi mzima akaondoka mikono mitupu. Lakini ina upofu mmoja. Inaona deni lililo kwenye hati ya mshahara tu. Ikishafika kikomo, benki inasema basi. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani au ada ya shule haambiwi basi na shida zake. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anayeitwa kausha damu, na huyo hakati kwenye hati ya mshahara. Anachukua kadi ya benki na namba ya siri, anakwenda mwenyewe kwenye mashine tarehe ya mshahara.

Piga hesabu nyingine. Laki tatu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi inazaa Sh 90,000 kila mwezi, na ile laki tatu bado iko palepale. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana. Kwa riba hiyo, laki tatu ileile ingezaa Sh 10,500 kwa mwezi.

Sasa mtazame mtumishi huyo kwa jicho la mpekuzi. Kwenye karatasi yuko ndani ya sheria: theluthi moja ipo. Ukweli ni kwamba kadi yake ya benki iko mfukoni mwa mtu mwingine. Kama mtumishi huyo anashika funguo za stoo ya silaha, mitihani, au majalada ya kesi, anayemshikia kadi ana kamba mkononi. Hapo pana hatari ya kweli ya usalama, na upekuzi unaotazama hati ya mshahara peke yake hauioni.

Ndiyo maana vita dhidi ya kausha damu isichukuliwe kuwa ni ya kumhurumia mkopaji tu. Mtaa wenye askari, walimu na makarani waliokabidhi kadi zao kwa wakopeshaji ni mtaa ambao siri zake na haki zake zinaweza kununuliwa.

Kenya walijifunza nini?

Majirani zetu Kenya walichukua njia nyingine. Baada ya Katiba ya 2010 na sura yake ya sita kuhusu uongozi na maadili, ikawa desturi kwa waombaji wa kazi za umma kuambiwa walete vyeti vitano: tabia njema kutoka idara ya upelelezi, kodi, tume ya maadili na kupambana na rushwa, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na taarifa ya kampuni inayotunza historia ya mikopo. Katiba hiyohiyo inamzuia mtu aliyetangazwa na mahakama kuwa mufilisi, na bado hajaondolewa hali hiyo, asichaguliwe kuwa mbunge.

Nia ilikuwa njema, lakini mzigo ukawaangukia vijana. Vyeti vingi kati ya hivyo vinalipiwa, na kijana asiye na kazi alilazimika kuvilipia kwa kazi ambayo hakuwa na hakika nayo. Wakati huohuo mikopo ya simu ilikuwa imeenea, na watu wengi waliingizwa kwenye orodha mbaya kwa sababu ya vijisenti. Mtu ananyimwa kazi kwa kuwa anadaiwa, naye hawezi kulipa kwa kuwa hana kazi.

Serikali ikalegeza. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilisema mtu asiorodheshwe kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000 za Kenya, na ikawazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa kupeleka majina. Novemba 2022 ikatangaza utaratibu wa kuwasaidia waliokwama na mikopo ya simu kwa kuwapunguzia angalau nusu ya deni ili wasafishe majina yao. Sheria ya ajira nayo ikarekebishwa ili vyeti hivyo viombwe baada ya mtu kuchaguliwa kwa kazi, si wakati wa kuomba.

Somo kwetu ni wazi. Ukiweka deni kuwa geti la kila kazi, unawafungia nje maskini wengi waaminifu, na mwizi mwenye fedha anapita. Swali la madeni liende kwenye kazi inayolihitaji, liulizwe mwishoni mwa mchakato, na mtu apewe nafasi ya kujieleza.

Mkopo wa simu unakufuata hadi wapi?

Hapa kwetu benki na taasisi za fedha hupeleka taarifa za mikopo kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kuna kampuni zenye leseni, kama Creditinfo, zinazoandaa ripoti ya historia ya mikopo ya mtu. Kanuni zake ni za mwaka 2012. Ripoti hizo kazi yake kubwa ni kumsaidia mkopeshaji aamue. Mkopo uliochukua kupitia huduma za kampuni za simu, kama M-Pawa au Songesha, unatolewa kwa kushirikiana na benki. Kubadilisha laini hakuufuti, kwa sababu laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama zako za kidole.

Programu za mikopo zilizojaa kwenye simu ni habari nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, na kuwataka wananchi wayaepuke. Wengi wanazijua kwa tabia yao: ukichelewa siku moja, wanawatumia ujumbe watu wote ulionao kwenye simu, kuanzia shemeji hadi bosi wako, wakikuita mwizi. Huko ni kudhalilisha, si kudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki juu ya taarifa zako, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Wakopeshaji wengine hutisha kwa polisi. Deni la kawaida ni shauri la madai, na mahali pake ni mahakamani. Mtu hafungwi kwa sababu mkopeshaji amekasirika. Mahakama, baada ya kutoa hukumu na kuona kwamba mdaiwa ana uwezo lakini hataki kulipa, inaweza kuamuru awekwe jela kama mfungwa wa madai, na muda wake hauzidi miezi sita. Jinai inaingia pale palipo na udanganyifu, kwa mfano kukopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine au kuweka rehani hati ya kughushi. Tofauti hii ni muhimu kwa anayeomba kazi. Deni la madai halikupi rekodi ya uhalifu. Udanganyifu unaweza kukupa.

Swali gani ni la haki?

Mwenye deni na asiye mwaminifu si mtu mmoja. Katika ukanda wetu, mtu anaweza kudaiwa kwa sababu mvua zilikata mpunga ukiwa unachanua, kwa sababu duara halikutoa dhahabu baada ya miezi ya kuchimba, au kwa sababu mama alilazwa hospitali ya rufaa. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, watu waliokuwa na mikopo ya mshahara walipoteza mshahara na mkopo ukabaki. Kuwahesabu wote hao kuwa ni hatari ni kuwaadhibu mara mbili.

Maswali ya haki ni manne. Deni lilitokana na nini? Je, mtu analijua na analitaja? Anafanya nini kulilipa? Na anayemdai ana nguvu gani juu yake? Kijana anayedaiwa laki mbili na kikoba, analipa elfu kumi kila wiki na mwenyekiti wa kikundi anathibitisha, ameonyesha uaminifu kuliko yule asiyedaiwa kwa sababu hajawahi kuaminiwa na mtu. Mwenye deni dogo la kamari alilolificha kwa mkewe na kwa mwajiri ndiye wa kutiliwa shaka.

Serikali na waajiri nao wana wajibu. Masharti ya upekuzi yanayohusu fedha yaandikwe kwa lugha inayoeleweka, ili mtu ajue anapimwa kwa nini. Anayeachwa kwa sababu ya deni aambiwe, ajibu. Na mlinzi wa mali ya mabilioni alipwe mshahara unaomtosha kula hadi mwisho wa mwezi. Huwezi kumlipa mtu kidogo, ukamtuma alinde dhahabu, kisha ukashangaa kwamba anadaiwa.

Kabla hujaomba kazi, fanya haya

Andika madeni yako yote kwenye daftari: unamdai nani, nani anakudai, kiasi gani, na tangu lini. Wengi hawajui jumla yao, na ukiulizwa ghafla utaonekana unaficha.

Nenda kwa anayekudai kabla hajakufuata. Kubalianeni kiasi cha kulipa kila wiki au kila msimu, na muandikishane. Karatasi hiyo ni ushahidi wako. Mkilipana kwa simu, tunza ujumbe wa malipo.

Kama una mkopo wa benki au wa kampuni ya simu, omba taarifa ya salio. Ukimaliza kulipa, omba barua ya kumaliza deni. Ukikuta deni usilolijua limesajiliwa kwa jina lako, lalamika mapema kwa maandishi. Angalia pia kama kuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA usiyoijua.

Usimpe mtu kadi ya benki na namba ya siri. Kama umeshatoa, nenda benki ubadilishe, kisha ukubaliane na mkopeshaji njia nyingine ya kumlipa. Deni lake linabaki, lakini kamba umeikata.

Kama unahitaji kukopa, uliza kwanza mkopeshaji ana leseni gani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa kwenye madaraja manne: benki, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii vinavyosajiliwa kupitia halmashauri. Ulizia pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo haina riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mwisho, fomu ikikuuliza kama unadaiwa, jibu kweli na eleza unavyolipa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwajiri mwenye akili hatafuti mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye matanga hayo. Anatafuta asiyewakimbia wenye haki yao.